"Mambo?": Neno Moja la Kumfuata Mgonjwa Nyumbani

Mgonjwa aliyewekewa nyonga au goti la bandia humaliza kupona nyumbani, siyo wodini. Aliyepasuliwa Dar es Salaam akarudi Titye, yuko mbali sana na daktari wake. Nani atamjulisha kwamba kidonda kinatoa usaha?

Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyepesi. Kuanzia mwaka 2007, wagonjwa 538 walioanza dawa za UKIMWI katika kliniki tatu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. La pili lilitumiwa kila wiki ujumbe wa simu: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu. Hata aliyenyamaza alipigiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliotumia dawa ipasavyo walikuwa 62 katika kila 100 kwenye kundi la ujumbe, na 50 katika kila 100 kwenye kundi lingine.

Hapa tunajifunza kwamba kunyamaza nako ni jibu. Tunaweza kufanya hivyo pia baada ya upasuaji wa viungo.

1. Kabla ya kutoka hospitali, ombeni namba ya simu ya kuulizia, na mkubaliane siku ya kupeana habari.

2. Wazee wetu husema "sijambo" hata wakiwa na maumivu. Basi ulizeni mambo yanayoonekana: Leo ametembea hatua ngapi? Kidonda ni kikavu? Kama hajui kusoma, mjukuu amsomee.

3. Mwenye nyonga ya bandia asichuchumae wala kukaa kwenye kigoda kifupi mpaka daktari amruhusu, maana nyonga inaweza kuteguka. Mtengenezeeni kiti kirefu, na cha chooni pia.

4. Homa, usaha, au ndama ya mguu kuvimba na kuuma ni "Shida": apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akibanwa pumzi ghafla, kifua kikimchoma, au mguu ukishindwa kabisa kukanyaga, msingoje jibu la simu. Mwahisheni hospitali mara moja.

Simu haiponyi mtu. Kinachomsaidia mgonjwa ni yule anayeuliza, na akikosa jibu, anainuka kwenda kumwona.

Maswali ya kujadili nyumbani: Katika familia yetu, nani atauliza? Na mgonjwa akinyamaza siku mbili, nani atakwenda?