Geuza Kitambaa Uone Mgongo Wake

Somo kwa vikundi vya kushona: kupita kozi ya juu ya kudarizi kwa mkono

Wengi wetu tulijua kudarizi tangu usichana. Mmoja alifundishwa na mama yake, mwingine alijifunzia shuleni. Mshono wa mnyororo, mshono wa kurudi nyuma, ua lenye majani matano, basi kitambaa cha kiti kimetoka na wageni wanakisifu. Hayo ni mazuri. Lakini kitambaa cha kusifiwa na wageni ni kimoja, na kitambaa cha kununuliwa, kufuliwa na kudumu ni kingine. Katika somo hili tunawaeleza yale tuliyojifunza tulipopita kozi ya juu, na pia jinsi tulivyofika huko kwa aibu.

Kilichotufanya tusome

Sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wanne. Miaka mitatu iliyopita tulipata oda ya vitambaa kumi na viwili vya mezani kutoka nyumba moja ya wageni. Tulishona mwezi mzima. Tulipovipeleka vilipendeza, tukalipwa nusu ya pesa, na siku hiyo hiyo tukagawana.

Baada ya wiki mbili vilirudi vyote. Vilikuwa vimefuliwa mara moja tu. Maua mekundu yalikuwa yametoa rangi, na nguo nyeupe imegeuka ya waridi. Tena vitambaa vitatu vilikuwa vimefumuka kwenye kona. Ilitubidi kurudisha pesa ambazo tayari tulikuwa tumekula.

Mkutano wa siku hiyo ulikuwa na maneno makali. Vile vitatu vilikuwa vya mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote tunamwita Nyanya. Wengine walisema wazi wazi kwamba amezembea, afadhali aondoke. Yeye hakujibu. Alikunja vitambaa vyake, akavitia kikapuni, akaenda zake. Tutarudi kwake mbele kidogo.

Ndipo tukamwomba mwalimu mmoja aliyestaafu, aliyefundisha ushonaji kwa miaka mingi, atupitishe kozi ya juu kila Alhamisi alasiri. Tulidhani ataleta mishono mipya. Siku ya kwanza alisema, "Akina mama, kila mmoja anipe kazi anayojivunia." Tukampa. Hakutazama maua hata kidogo. Alivigeuza vitambaa vyote akatazama mgongo: mafundo, mikia, nyuzi zilizoruka kutoka ua hadi ua kama kamba za kuanikia nguo. Akasema, "Hapa ndipo tutakapoanzia." Siku ile tulifumua, hatukushona.

1. Maandalizi kabla ya sindano

Fua kitambaa kwanza. Kitambaa kipya cha pamba kina wanga wa kiwandani na hunywea kikifuliwa. Ukidarizi kabla ya kufua, nguo itanywea lakini maua hayatafuata, na kazi yote itakunjamana.

Jaribu rangi ya uzi. Hili ndilo lililotuangusha. Rangi kali, hasa nyekundu na nyeusi, mara nyingine huwa na rangi ya ziada isiyoshika kwenye uzi. Lowesha kipande cheupe, kifunge juu ya uzi, ukibane kwa muda. Kikipata doa, suuza uzi huo katika maji baridi mara nyingi hadi maji yawe safi kabisa. Ukiendelea kutoa rangi, usiutumie kwenye nguo nyeupe hata kama ulinunuliwa kwa bei.

Kata uzi mfupi. Kipimo ni dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, karibu sentimita 45. Uzi mrefu unaonekana kuokoa wakati, kumbe unasuguliwa kila unapopita kwenye kitambaa, unachakaa na kujifunga mafundo. Uzi wa kudarizi wa kawaida una nyuzi ndogo sita. Zitoe moja moja, kisha uunganishe mbili au tatu unazotaka. Zikitenganishwa hivyo hulala vizuri bila kujisokota.

Funga fremu yako. Zungushia duara la ndani utepe wa pamba ili kitambaa kisiteleze. Kitambaa kikazwe hadi kilie kama ngoma ukikigonga. Ukimaliza kazi ya siku, kitoe kwenye fremu, na usiache sindano imechomekwa usiku kucha. Alama ya duara na doa la kutu ni vigumu kuziondoa.

2. Mgongo safi

Usianze kwa fundo. Acha mkia wa uzi, shona, kisha urudi kuupitisha mkia huo chini ya mishono minne au mitano upande wa nyuma. Kumaliza ni vile vile. Usiruke kutoka ua moja hadi lingine; kata uzi na uanze upya. Kwenye nguo nyeupe uzi unaoruka huonekana kwa mbele kama kivuli, na ukinaswa na kidole wakati wa kufua huvuta mishono yote.

Mwalimu hakutaka mgongo uwe mzuri kama uso. Alitaka uwe na utaratibu. Mgongo ndio unaoeleza kama kitambaa kitadumu.

3. Kung'oa nyuzi kwenye pindo

Hii ndiyo kazi iliyotutoa jasho, na ndiyo inayopandisha thamani ya kitambaa cha mezani. Unang'oa nyuzi chache za upande mmoja, kisha zile zilizobaki unazifunga mafungu mafungu, pindo likawa kama ngazi ndogo.

Chagua kitambaa ambacho nyuzi zake zinahesabika kwa macho, na za urefu na za upana zimelingana unene. Tumia sindano butu, maana sindano kali hupasua uzi badala ya kupita kando yake.

Kwanza hesabu. Tuseme kati ya kona na kona kuna nyuzi 240. Ukifunga nne nne, utapata mafungu 60 kamili. Zikiwa 242, nyuzi mbili zitabaki bila fungu, nazo zitaonekana. Kwa hiyo rekebisha kipimo kabla ya kukata kitu chochote. Ukitaka kupiga mshono upande wa pili ili mafungu yaende kama meno ya msumeno, utachukua nyuzi mbili za fungu hili na mbili za fungu linalofuata. Ndiyo maana kila fungu lazima liwe na idadi inayogawanyika kwa mbili.

Kisha kung'oa. Usikate uzi konani. Ukate katikati ya upande, halafu kwa ncha ya sindano uufumue pole pole kuelekea kona zote mbili. Fika konani na usimame. Mkia uliobaki urudishe nyuma na uufiche ndani ya pindo, au uufume tena kwenye kitambaa. Ng'oa nyuzi nne hadi sita, usizidishe ukiwa mwanafunzi.

Mwisho, kufunga. Kunja pindo hadi ukingo wa nafasi uliyong'oa, ulipige bandi. Ukiwa upande wa nyuma, pitisha sindano chini ya nyuzi nne, zunguka, vuta zibanane kama mganda wa ngano, kisha choma pindo hapo hapo kando ya fungu na ushike nyuzi mbili za kitambaa. Endelea hivyo. Mkono uwe mmoja toka mwanzo hadi mwisho: ukivuta sana leo na kulegeza kesho, mstari utasema.

Mama mmoja kati yetu alikosea hesabu akagundua kwenye fungu la hamsini na mbili. Alitaka kufunga nyuzi tano mahali fulani ili mambo yaishe. Alifumua. Baadaye alituambia kwamba kuanzia siku hiyo aliacha kuogopa kufumua, kwa sababu aliona kitambaa hakikufa.

4. Kujaza jani na kuchanganya rangi

Jani lililojazwa vizuri huinuka kidogo, unaweza kulihisi kwa kidole. Siri iko chini yake. Zungusha mchoro kwa mshono mdogo wa kurudi nyuma. Ndani yake piga bandi nyingi zikifuata urefu wa jani. Halafu funika kwa mishono inayokatiza upana, iliyolala karibu karibu. Anzia katikati ya jani uende hadi ncha, kisha urudi ukamalize nusu ya pili. Hivyo mwelekeo wa mishono hautapotea. Mshono ukizidi sentimita moja utanaswa na kucha, kwa hiyo jani pana ligawe mara mbili.

Kwa ua lenye rangi tatu, kutoka iliyokolea hadi iliyofifia, safu ya kwanza iwe na mshono mrefu na mfupi kwa zamu. Safu ya pili isianze pale ya kwanza ilipoishia. Sindano itoboe ndani ya mishono ya kwanza na kuipasua, ili rangi ziingiane bila mpaka. Chora kwanza kwa penseli mistari michache inayoelekea kitovu cha ua, na kila mshono uifuate.

5. Matundu

Piga bandi ndogo ndogo kuzunguka tundu. Tundu dogo usilikate kwa mkasi. Sukuma nyuzi kando kwa sindano nyembamba ya kufumia sweta, kisha zungushia mishono iliyobanana. Tundu kubwa likate msalaba, ukunje pembe nyuma, ndipo uzungushie.

Wanaotaka kuona kazi hii ilipofika kileleni hapa kwetu Kenya watazame kofia za mkono za Lamu. Urembo wake wote umetokana na matundu madogo yaliyopangwa, nayo hupitisha hewa kichwani. Kofia moja nzuri huweza kumchukua mshonaji miezi. Ukiishika, igeuze uone ndani.

Macho ya Nyanya

Sasa turudi kwa Nyanya. Tulipofika somo la kung'oa nyuzi, mwalimu aliuliza ni nani aliyeshona vile vitambaa vitatu vilivyofumuka. Aliviangalia kwa muda. Mishono ilikuwa sawa, mkono mzuri kuliko wetu wengi. Kosa lilikuwa konani tu, ambako nyuzi zilikatwa mahali pasipostahili. Akauliza, "Huyu mama, akitia uzi kwenye sindano, anaishika wapi?"

Tukakumbuka. Alikuwa akinyoosha mkono wote mbele, au anamwita mjukuu. Hakuwa amezembea. Alikuwa haoni, naye aliona haya kusema.

Kutoka karibu miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na vitu vya karibu huwa na ukungu. Si ugonjwa wa mtu mmoja, ni umri, na sote tutafika. Tulimwendea nyumbani, tukamwomba msamaha, na yule aliyesema aondoke ndiye aliyemsindikiza kliniki ya macho. Alipimwa, akapewa miwani ya kusomea. Iligharamiwa na sanduku la kikundi. Baadaye wengine wanne walipimwa pia, na watatu walihitaji.

Hata mwenye macho mazuri asaidie macho yake. Kaa dirishani, mwanga utoke kushoto kama unashona kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisianguke kwenye kazi. Ukihesabu nyuzi nyeupe, tandika kitambaa cheusi mapajani; matundu yataonekana wazi. Pumzisha macho kwa kutazama mbali kila mara.

Siku hizi Nyanya ndiye anayefundisha kona. Katika Kutoka sura ya 35 tunasoma kwamba Bezaleli na Oholiabu walipewa ustadi, ukiwemo wa kutia taraza, na pamoja nao wakapewa moyo wa kufundisha wengine. Ustadi usiofundishwa huzikwa na mwenyewe.

Kumaliza na kuweka bei

Fua kazi katika maji baridi na sabuni kidogo, usiikamue kwa kuisokota. Tone la damu la kidole lioshe mara moja kwa maji baridi. Maji ya moto huligandisha. Piga pasi upande wa nyuma, juu ya taulo nene, ili maua yasilale.

Kila mmoja aandike saa zake kwenye daftari. Tuchukue mfano: kitambaa na nyuzi ni shilingi 400, kazi ni saa 30. Ukiuza kwa shilingi 1,000, jasho lako ni shilingi 600, yaani shilingi 20 kwa saa. Je, unajua hilo ukikubali bei? Sisi tulipohesabu tulinyamaza kidogo. Tuliamua kushona vitu vidogo vyenye pindo safi kuliko vikubwa vyenye maua mengi, na kupandisha bei ya vikubwa au kutovishona.

Pia tuna kanuni. Hakuna kitambaa kinachotoka kabla watu wawili hawajakagua mambo matatu: mgongo, kona, na rangi baada ya kufuliwa. Kikikataliwa kinarudi kwa mwenyewe kufumuliwa, na uzi mpya unatoka kikundini. Aliyekosea hapotezi mfuko wake, lakini kazi mbaya haitoki.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Tukigeuza kazi zetu leo, mgongo utasema nini?
2. Je, kuna mwenzetu tunayemlaumu kwa uzembe, kumbe ana shida tusiyoijua? Tutamwuliza vipi bila kumwaibisha?
3. Mwenzetu akileta kazi isiyofaa, naye ana mtoto anayedaiwa karo, kikundi kifanye nini?
4. Saa moja ya kazi yetu ina thamani gani?

Zoezi la mwezi huu: kila mmoja ashone leso ndogo ya mkononi yenye pindo la kung'oa nyuzi pande zote nne. Hesabuni kwanza. Siku ya mkutano, zifueni zote katika karai moja, kisha zigeuzeni.