Amitriptilini na Sonona: Kwa Nini Madhara Hutangulia Nafuu

Mkulima wa ulezi kutoka Kata ya Kasense, Manispaa ya Sumbawanga, ambaye kwa miezi miwili hana hamu ya shamba, hapati usingizi, hali vizuri na anajiona hana faida kwa watu wake, akigundulika kuwa na sonona, yaelekea ataandikiwa amitriptilini. Dawa hii ni ya zamani, bei yake ni nafuu, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Somo hili linahusu zaidi wiki zake sita za mwanzo, kwa kuwa ndipo wagonjwa wengi huiacha.

Seli za ubongo hazigusani. Kati ya seli moja na nyingine pana mwanya mdogo mno, na taarifa huuvuka kwa kubebwa na kemikali. Kazi ikiisha, kemikali hizo hurudishwa ndani ya seli zilikotoka. Amitriptilini huzuia urejeshwaji wa kemikali mbili, yaani serotonini na noradrenalini, nazo hukaa mwanyani muda mrefu zaidi. Fluoksetini hugusa hasa serotonini. Venlafaksini na duloksetini, ambazo ni dawa za karibuni zaidi, hugusa zote mbili. Amitriptilini haiishii hapo. Hufunga pia vipokezi vya histamini, vya asetilikolini, na vya adrenalini vilivyomo katika mishipa ya damu. Hakuna aliyekusudia iwe na mikono mingi kiasi hicho. Mtangulizi wake, imipramini, ilikuwa ikijaribiwa nchini Uswisi kwa wagonjwa wa skizofrenia, ndipo Dakt. Roland Kuhn alipoona kwamba waliopata nafuu ni wenye sonona; alichapisha taarifa yake mwaka 1957. Amitriptilini iliidhinishwa Marekani mwaka 1961.

Vipokezi hivyo vya ziada hufungwa ndani ya saa chache. Kwa hiyo usiku wa kwanza mgonjwa husinzia sana kwa sababu ya histamini. Asubuhi kinywa kimekauka, choo kinakuwa kigumu na macho hayaoni vizuri kwa karibu: hiyo ni asetilikolini. Akiinuka ghafla kitandani huona kizunguzungu, kwa kuwa mishipa imelegea na shinikizo la damu limeshuka. Moyo wake, hata hivyo, bado ni mzito kama jana. Nafuu ya sonona yenyewe hungoja ubongo ujirekebishe polepole, na kwa kawaida haihukumiwi kabla ya wiki 4 hadi 6 za dozi inayotosha.

Katika pengo hilo ndipo majirani huleta maelezo yao: kwamba dawa imemkataa, au kwamba amerogwa na hospitali haimwezi. Sioni faida ya kubishana nao. Mgonjwa aliyeambiwa mapema hana haja ya maelezo mengine. Mhudumu amwambie, mbele ya ndugu aliyemsindikiza: “Baba, leo utalala. Kesho kinywa kitakauka na utaona kizunguzungu. Inuka taratibu, kunywa maji mara kwa mara. Hayo hupungua. Huzuni itachelewa kuondoka, labda mwezi mzima. Usiache dawa kabla hatujaonana.” Maneno hayo hayachukui hata dakika moja.

Kasoro ya pili iko upande wetu wahudumu, nayo ni dozi. Miligramu 25 usiku ni mwanzo tu. Kiasi hicho husaidia maumivu ya neva na huleta usingizi, lakini mtu mzima mwenye sonona kwa kawaida huhitaji kupandishwa hatua kwa hatua, miligramu 25 hadi 50 kila wiki, mpaka kufikia 100 hadi 150 kwa siku. Mzee huishia chini zaidi, 50 hadi 75. Mgonjwa anayemezeshwa 25 kwa nusu mwaka amepewa dawa ya usingizi, kisha huandikwa kuwa tiba imeshindikana. Mgonjwa naye asijiongezee mwenyewe.

Kabla ya kuanza, ulizeni kuhusu ugonjwa wa moyo, kifafa, presha ya macho, na kwa wanaume ugumu wa kukojoa. Ulizeni pia kama amewahi kuwa na kipindi cha uchangamfu uliopita kiasi, halali wala hachoki, anatapanya mali. Mtu huyo dawa hii ikitolewa peke yake yaweza kumrudisha huko. Pombe, ya ulezi au ya dukani, huzidisha usingizi na kizunguzungu. Akiugua malaria, amtajie mhudumu kwamba anatumia amitriptilini, kwa sababu yeye na dawa ya mseto, ALu, zote zaweza kuathiri mwenendo wa umeme wa moyo. Asinyimwe tiba ya malaria. Achunguzwe na kufuatiliwa.

Akipona aendelee kwa miezi 9 hadi 12. Kisha dozi ipunguzwe kwa muda usiopungua wiki 4, maana kuikatisha ghafla huleta kichefuchefu, jasho na kukosa usingizi.

Limebaki jambo zito kuliko yote. Tofauti na fluoksetini, amitriptilini ikimezwa kupita kiasi huvuruga mapigo ya moyo, huleta degedege na huua, nayo hupewa watu ambao baadhi yao wamechoka kuishi. Muulizeni mgonjwa waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Akikubali, na fluoksetini ipo, mimi huichagua hiyo. Ikiwa haipo, toeni dawa ya siku 7 tu kwa wakati mmoja, itunzwe na ndugu, mbali na watoto, hata kama hilo litamlazimu ndugu huyo kwenda kituoni kila wiki. Aliyezidisha dozi, hata akionekana mzima, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo pamoja na pakiti ya dawa. Asitapishwe wala kunyweshwa maziwa njiani.