Siagi ya Kibuyu au Majarini ya Dukani?

Ndugu mfugaji wa Ngara na Biharamulo, ile ya kopo tunayoizoea kuiita siagi ni majarini: mafuta ya mimea yaliyoongezwa vitamini. Siagi halisi hutoka kwenye maziwa ya ng'ombe wako, na kwa ladha inaishinda. Lakini ikitoka kwenye maziwa mabichi yaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba, unaowapa watu homa za mara kwa mara. Kwa hiyo:

1. Chemsha maziwa, yapoe, tia mtindi kidogo wa maziwa yaliyochemshwa, yagande.
2. Sukasuka kwenye kibuyu safi.
3. Ichemshe siagi hadi iwe samli. Hudumu bila jokofu.
4. Siagi au majarini, paka kidogo. Yote ni mafuta.

Usiuze maziwa yote ili ununue kopo. Watoto wanywe kwanza.