SOMO LA VIKUNDI: Majuala, Mifugo Yetu na Kikapu cha Mkoma

Mara hii tutazungumza juu ya mifuko ya nailoni, ama majuala kama wengi tunavyoyaita. Mmoja asome kwa sauti na wengine wasikize, kisha mjadiliane maswali yaliyo mwishoni. Pahali Kiswahili kinapokuwa kigumu, mtu atafsiri kwa Kisomali, Kiboran au Kipokomo, kila mmoja apate kuelewa.

Wengi wakisikia habari ya majuala hufikiria usafi wa mji tu. Usafi ni jambo zuri, lakini sisi tunaishi kwa mifugo, kwa hivyo tuanze na mbuzi.

Juala ndani ya tumbo

Mbuzi, kondoo na ng'ombe hawana meno ya mbele upande wa juu. Huvuta majani kwa midomo na ulimi, humeza haraka, halafu baadaye hulala kivulini wakacheua. Juala lililobeba chumvi, sukari au nyama bado lina ladha, na mnyama hulifuata kwa hiyo ladha. Likishaingia tumbo la kwanza halisagiki. Halirudi juu likacheuliwa, wala halishuki chini. Linakaa. La pili linakuja, kisha kipande cha kamba, kisha la tatu, mpaka yote yanasokotana na kuwa donge gumu kama jiwe.

Dalili zake ni hizi: mnyama anakonda ilhali malisho yapo, tumbo limejaa upande wa kushoto, hacheui sawasawa, maziwa yanapungua. Mwenye mifugo hudhani ni minyoo. Ananunua dawa ya minyoo mara moja, mara mbili, na pesa zinakwenda bure. Mara nyingi ukweli hujulikana machinjioni, wakati tumbo linapopasuliwa. Daktari wa mifugo anaweza kumpasua mnyama akiwa hai na kulitoa donge, lakini ni kazi ya gharama, na katika bulla zetu nyingi daktari yuko mbali.

Ngamia naye haokoki. Kule Dubai, maabara ya mifugo ilichunguza ngamia waliokufa tangu mwaka 2008. Katika ngamia kama 30,000, zaidi ya 300 walikutwa na madonge ya plastiki tumboni, mengine ya kilo 3, na moja lilifika kilo 64. Hebu fikirini: kilo 64 ni zaidi ya gunia la unga la kilo 50, na mnyama alitembea nalo jangwani.

Kuna jambo lingine ambalo hatulisemi sana. Mnyama aliyekosa madini mwilini, hasa fosforasi, hutamani vitu visivyo chakula. Atatafuna mfupa, atatafuna nguo kwenye kamba, atatafuna juala. Kwa hivyo chumvi ya mifugo ni sehemu ya dawa ya jambo hili. Na ukame huzidisha. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na mnyama mwenye njaa hachagui.

Tusisahau watu. Juala likishika maji baada ya mvua, mbu hutaga humo, jambo ambalo marehemu Profesa Wangari Maathai alilisema alipokuwa akipiga vita mifuko hii. Mbu wanaoleta homa ya dengue wanapenda maji kidogo yaliyotuama: mtungi usiofunikwa, gurudumu la gari, kopo, juala. Mandera walipata dengue mwaka 2011 na chikungunya mwaka 2016, na wanajua uchungu wake.

Sheria ipo, mbona majuala yapo?

Serikali ya Kenya ilijaribu kuzuia mifuko myepesi mwaka 2007 na tena 2011, haikufaulu. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku kamili ilianza. Kutengeneza, kuleta nchini au kutumia juala la kubebea bidhaa ni kosa, na sheria inataja faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa, sahani, vijiko na mirija ya plastiki ya kutumia mara moja imekatazwa pia katika hifadhi za wanyama, misitu na fuo za bahari. Hapa kwetu hifadhi za Arawale, Boni na Rahole ziko ndani ya katazo hilo.

Sheria hiyo imesaidia. Anayekumbuka miti ya mgunga kandokando ya barabara kabla ya 2017, jinsi ilivyokuwa imevaa majuala kama maua, ataona tofauti. Lakini sheria haikugusa vifungio vinavyotoka viwandani, kama vya mkate na chumvi, na mbuzi hajui kusoma sheria. Pia kuna majuala yanayopenyezwa mipakani kwa siri.

Majirani zetu wa Somaliland walipiga marufuku mwaka 2005, miaka kumi na miwili kabla yetu. Watu wa huko walikuwa wakiyaita majuala yaliyonasa kwenye miiba "maua ya Hargeisa". Marufuku ilitangazwa, na majuala yakarudi. Rwanda nayo ilikataza mwaka 2008, ikakagua mizigo mpakani mwaka baada ya mwaka, na ikafaulu. Mimi naona ukaguzi pekee hautatutosha sisi wenye mpaka mrefu hivi. Juala hurudi kwa sababu lilikuwa na kazi, na hiyo kazi haijapata mfanyakazi mwingine.

Kila kazi na chombo chake

Basi kikundi kisianze kwa kuuliza "tutaacha vipi plastiki". Kiulize: juala lilikuwa likitufanyia kazi gani? Mkitaja kazi moja moja, mtaona nyingi zina chombo tayari.

Chukueni mafuta ya kupima. Kila mtu huenda dukani na chupa yake, na hakuna anayeona haya. Kwa nini sukari isiwe hivyo? Mtoto akitumwa robo ya sukari apewe kopo lenye kifuniko. Sukari haimwagiki, haipati unyevu, na mchwa hawaifikii. Wazee wanakumbuka muuza duka akifunga sukari na majani ya chai kwa karatasi ya kaki, hata uzi hakuhitaji.

Nyama ndiyo ngumu, na hapa ndipo wengi hurudi kwa juala. Nyama ina damu. Karatasi ya kaki hulowa, na gazeti lina wino usiofaa kushikana na chakula. Njia iliyo nzuri ni kwenda na bakuli au sufuria ndogo yenye kifuniko. Mwambie mwenye bucha aweke chombo kitupu kwenye mizani kwanza, ndipo aongeze nyama, usije ukanunua bakuli lako mwenyewe kwa bei ya nyama. Mtu mmoja akifanya hivi atachekwa. Kikundi kizima cha akina mama ishirini kikifanya hivi kwa bucha moja, mwenye bucha ataanza kuwakumbusha wateja wengine, kwa sababu na yeye ameokoa pesa za vifungio.

Maziwa hayana shida kubwa. Dhiil la Kisomali, lililosukwa kwa nyuzi za mimea na kufukizwa moshi, lilibeba maziwa kabla nailoni haijazaliwa. Kwa biashara, chombo cha alumini chenye mdomo mpana ni bora kuliko jerikani, kwa kuwa mkono unaingia na kusugua mpaka chini. Hata hivyo sisemi mtupe majerikani ya maji. Jerikani linalotumika miaka mitano si adui yetu. Ugomvi wetu ni na kitu kinachotumika dakika ishirini na kubaki ardhini miaka mingi.

Hata miraa kutoka Maua hufika Garissa imefungwa kwa majani ya mgomba isikauke. (Sisifu miraa, nasifu kifungio.)

Katika arusi na mikutano tumezoea chupa ndogo za maji na sahani za kutupa. Kikundi kinaweza kununua sahani na vikombe vya bati, kikaviazima kwa ada ndogo kila kunapokuwa na sherehe. Hiyo ni biashara, na vyombo vinabaki mali ya kikundi.

Kikapu

Kando ya Mto Tana mkoma unaota wenyewe, na kina mama wengi bado wanajua kusuka mikeka. Anayejua kusuka ukili wa mkeka anajua nusu ya kazi ya kikapu.

Majani machanga ambayo hayajafunguka ndiyo mazuri. Hapa nawaomba mwe waangalifu: chipukizi moja, kata jani moja au mawili, kisha nenda kwa lingine. Ukikata kiini chake, umeua mkoma, na mwaka ujao utatembea mbali zaidi. Wenye msitu wa mto karibu wapatane kwanza na wazee juu ya sehemu ya kukata. Majani yakaushwe juani siku kadhaa, yachanwe vipande vyembamba, yaloweshwe kabla ya kusuka ili yasivunjike. Ukili husukwa mrefu, kisha hushonwa kuzunguka kuanzia kitako. Mikono ya kubebea iwe ya kamba ya mkonge, ishonwe mpaka chini ya kitako. Ikishonwa ukingoni tu, kilo nne za viazi zitaing'oa.

Walio mbali na mto, kule Modogashe au Wajir, washone mifuko ya nguo. Leso moja ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110. Ukikata vipande vitatu vya 45 kwa 90 na kuvikunja katikati, unapata mifuko mitatu, na ukanda uliobaki unatosha mikono yote.

Lakini jihadharini na mifuko inayofanana na nguo, ile ya rangi rangi inayouzwa madukani. Mingi yake ni plastiki iliyobanwa, na mwaka 2019 NEMA ilitoa tangazo la kuizuia. Chomeni kipande kidogo kwa kiberiti, nje ya nyumba: pamba huwa jivu, plastiki huyeyuka na kudondoka. Magunia ya nailoni nayo yakichakaa hutoa nyuzi, na nyuzi hizo ni mbaya tumboni kama juala lenyewe.

Je, hesabu inalipa? Tuseme mama ananunua mfuko wa shilingi 10 mara tatu kwa wiki. Hiyo ni shilingi 30, na kwa mwaka ni shilingi 1,560. Wekeni hapo bei ya kikapu sokoni kwenu, na kando yake bei ya mbuzi mmoja.

Yaliyokwisha kutupwa

Msiyachome. Moshi wa plastiki una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mtoto anayechochea moto. Mkiyafukia juu juu, upepo na mbwa watayafukua. Yakusanyeni kwenye gunia, mlifunge, mliweke pahali mbuzi hafiki, na muulize ofisi ya kaunti yapelekwe wapi. Anzeni karibu na kisima na njia ya mifugo, kwa sababu hapo ndipo wanyama husimama muda mrefu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mwaka uliopita, ni mifugo mingapi ya wanakikundi ilichinjwa ikakutwa na majuala au kamba tumboni? Kila mmoja ataje, katibu aandike.

2. Tajeni kazi zote ambazo juala hufanya nyumbani kwenu kwa wiki moja. Ni ipi haina chombo kingine mpaka sasa?

3. Nani kati yenu anajua kusuka ukili, na yuko tayari kufundisha vijana wangapi?

4. Ni bucha gani mtaanza nayo, na nani atakwenda kuzungumza na mwenyewe kabla ya mkutano ujao?