Pampu ya sola kwa shamba la mtaani: hesabu kwanza, duka baadaye

Simama mbele ya paneli zilizopangwa nje ya duka lolote la Luthuli Avenue, Nairobi, na muuzaji atakuuliza unataka wati ngapi. Usimjibu kwanza. Mkulima wa Uthiru, Riruta au Dagoretti anayetaka kuachana na pampu ya petroli hawezi kujua wati kabla hajajua mboga zake zinakunywa maji kiasi gani, na maji hayo yanapanda umbali gani. Hayo hupimwa shambani.

Chukua ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100. Hiyo ni karibu mita 465 za mraba. Ukiondoa njia, choo na banda la kuku, huenda ukabaki na mita 300 za matuta ya sukuma wiki, spinachi na managu. Januari na Februari, jua linapowaka kweli, kadiria lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hizo ni lita 1,500. Weka 2,000, maana kitalu nacho kina kiu na ng'ombe hasubiri.

Sasa kisima. Funga jiwe kwenye kamba, lishushe mpaka liguse maji, kisha pima kamba. Fanya hivyo mwisho wa kiangazi; ukipima baada ya mvua za masika maji yatakuwa yamepanda na hesabu itakudanganya. Tuseme umepata mita 15, na mdomo wa tangi uko mita 3 juu ya ardhi. Ongeza mita 2 kwa nguvu inayopotea ndani ya mabomba. Jumla mita 20.

Zidisha maelfu ya lita kwa mita, kisha zidisha kwa 8. Hiyo 8 imeshabeba hasara ya pampu ndogo, ambayo mara nyingi hugeuza theluthi moja tu ya umeme kuwa kazi. Mbili mara 20 mara 8 ni wati-saa 320 kwa siku. Gawanya kwa saa 4 za jua la kutegemewa, upate wati 80. Ongeza nusu yake kwa sababu ya mawingu, vumbi na joto la paneli: wati 120.

Shamba hili, basi, halihitaji mtambo wa wati 500. Pesa inayobaki peleka kwenye tangi. Watu wengi hukimbilia betri ili wapige maji usiku, nami naona ni kosa, kwa sababu betri huchakaa na kudai nyingine, ilhali tangi la lita 3,000 juu ya stendi hukaa miaka mingi. Jua likiwaka pampu inajaza tangi. Jioni unafungua koki na mipira ya matone inafanya kazi kwa uzito wa maji yenyewe.

Aina ya pampu inategemea kina. Pampu inayokaa juu ya ardhi huvuta maji kwa msaada wa uzito wa hewa, na Dagoretti, karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Kisima kikizidi mita 6 hivi, usiinunue hata ukipunguziwa bei. Chukua ya kuzamisha.

Ukishajua namba zako, rudi mjini na futi ya kupimia urefu na mita ya kupimia umeme. Saa sita mchana, anga likiwa safi, kila mita ya mraba hupokea takriban wati 1,000 za jua, na paneli nzuri ya leo hugeuza kama asilimia 20 kuwa umeme. Paneli ya wati 120 basi iwe na eneo la zaidi ya nusu mita ya mraba. Ikiwa kibandiko kinasema 300 na ukubwa ni wa 120, kibandiko kinasema uongo. Halafu omba itolewe nje juani. Soma nyuma yake ile namba ya ampea iliyoandikwa Isc, hakikisha mita yako inaubeba mkondo huo, kisha unganisha nyaya za mita kwenye ncha mbili za paneli na ulinganishe. Mchana mweupe, namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana.

Kufunga nako kuna siri yake. Miezi yetu mibaya ni Juni hadi Agosti, wingu likitanda tangu asubuhi, na katika miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini. Elekeza paneli kaskazini, na kwa kila mita moja ya urefu wake inua upande wa nyuma sentimita 26. Mvua itaiosha na Julai haitakutesa sana. Angalia pia ghorofa zinazoota Kangemi na Kinoo: kivuli kikifunika kona moja tu, umeme wa paneli nzima huanguka. Uliza jirani anajenga nini kabla hujachimbia nguzo.

Kama stima imeshafika kwako na kisima ni kifupi, pampu ya kawaida ya umeme inaweza kukufaa zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa gridi ya Kenya hutokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua, hivyo hutakuwa umechafua hewa kama anayevuta kamba ya injini ya petroli kila asubuhi.

Kwa maji ya kumwagilia, pita kwanza kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji uulize kibali. Fundi naye akuonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli. Kanuni za sola za 2012 ziliwapanga mafundi katika madaraja ya T1, T2 na T3. Kampuni kama SunCulture huuza pampu kwa malipo ya mdogo mdogo. Jumlisha malipo yote mpaka la mwisho ndipo ulinganishe na bei ya taslimu. Na muuzaji akikataa paneli yake itolewe juani ipimwe, funga pochi utoke. Luthuli ina maduka mengine mengi.