USIPOZIBA UFA: SOMO LA KUBADILISHA SILI NA MAFUTA YA SHOKAPU ZA PIKIPIKI



Hapa Nakivale pikipiki ni miguu ya watu wengi. Ndiyo impelekayo mama mjamzito kwenye kituo cha afya usiku, ibebayo mahindi na maharagwe kutoka Ngarama na Juru hadi sokoni, na imfikishayo msafiri kwenye barabara ya lami iendayo Mbarara. Kwa mwenye kuiendesha, pikipiki hiyo ndiyo shamba lake na ndiyo duka lake. Ikilala, nyumba nzima inalala njaa.

Barabara zetu ni za changarawe. Wakati wa jua kuna vumbi, wakati wa mvua kuna mashimo na matope. Kinachoumia kwanza ni shokapu. Somo hili litakusaidia kuelewa jinsi shokapu inavyofanya kazi, kutambua dalili za ugonjwa wake, na kuitengeneza mwenyewe nyumbani kwa vifaa vichache. Ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi huiita amortisa. Ni kitu kile kile.

SHOKAPU NI NINI?

Pikipiki ina miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu. Kila mguu una bomba la ndani lenye kung'aa kwa kromu, na bomba la nje linalopanda na kushuka juu yake. Ndani mna springi ndefu na mafuta.

Springi inabeba uzito. Lakini springi peke yake ingeendelea kurukaruka kama mtoto kitandani. Mafuta ndiyo yanayoituliza: mguu unaposhuka au kupanda, mafuta hulazimika kupita katika matundu madogo, nayo hupita polepole. Kwa hiyo gurudumu linabaki chini, likishika barabara. Pikipiki ya kwanza kuuzwa ikiwa na shokapu za mbele za namna hii, zenye kutulizwa na mafuta, ilikuwa BMW R12 ya Ujerumani, mwaka 1935. Zile za Bajaj Boxer na TVS tunazoziona hapa kila siku zinafuata njia hiyo hiyo.

Mafuta hayo yanazuiwa yasitoke na pete ya mpira iitwayo oili sili, au kwa kifupi sili. Juu yake kuna kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi. Vumbi likipita kifuniko, hukwama kwenye mdomo wa sili na kuukata. Mafuta huanza kutoka.

DALILI ZA UGONJWA

1. Kuna mduara wa mafuta kwenye bomba linalong'aa, au vumbi limeganda hapo kama ugali mweusi.
2. Ukishika breki ya mbele, pikipiki inainama ghafla mbele.
3. Ukipita shimo unasikia mgongano wa chuma kwa chuma.
4. Usukani unatetemeka kwenye kona au kwenye changarawe.

Jipime hivi: simama kando ya pikipiki, shika breki ya mbele, bonyeza usukani chini kwa nguvu, kisha uuachie. Pikipiki nzima hupanda mara moja na kutulia. Ikiendelea kurukaruka, mafuta yamepungua au yamechoka.

Usiseme, "Bado inatembea." Mafuta yanayotiririka hufika kwenye breki ya mbele. Breki yenye mafuta haishiki. Siku hiyo utakuwa na abiria nyuma, labda mama na mtoto, na mbele yako ng'ombe wanavuka barabara. Sili ni kipande kidogo cha mpira, lakini kinalinda uhai wa watu.

JARIBU HILI KWANZA

Mara nyingine sili haijakatika. Ni chembe ya mchanga tu iliyokwama. Inua kifuniko cha vumbi kwa uangalifu. Kata utepe mwembamba wa plastiki laini kutoka kwenye chupa ya soda, uingize kati ya bomba na sili, na uuzungushe pande zote ili utoe uchafu. Futa, rudisha kifuniko, endesha siku mbili. Mafuta yakikoma, umeokoa pesa. Yakiendelea, badilisha sili.

VIFAA

- Spana za ukubwa wa nati za pikipiki yako, na ufunguo wa L wa pembe sita ambao mafundi huuita aleni.
- Bisibisi pana, koleo na nyundo.
- Kipande cha bomba la maji la plastiki kinachopita juu ya bomba la kromu. Upana wake uwe karibu sawa na wa sili.
- Mafuta ya taa, vitambaa safi, beseni na jerikani kuukuu.
- Bomba la sindano jipya la kupimia mafuta. Hupatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo. Usiokote kamwe sindano iliyotumika hospitali.
- Sili mbili mpya, vifuniko viwili vya vumbi, na washa mbili za shaba za bolti za chini.
- Mafuta ya shokapu.

Unapokwenda kununua vipuri, iwe Mbarara au kwingineko, chukua sili ya zamani mkononi. Juu yake mmeandikwa namba tatu kwa milimita: upana wa ndani, upana wa nje na kimo. Namba zote tatu lazima zilingane. Nunua za pande zote mbili hata kama unavuja upande mmoja tu, kwa sababu zote zimekula vumbi lile lile.

Mafuta yanayofaa miguu mingi ya pikipiki ndogo ni ya daraja la 10W. Yakikosekana, mafundi wengi hutumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, yale mekundu. Usitie kamwe mafuta ya breki. Yanavimbisha na kuharibu mpira wa sili. Wala usitie mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika. Yana unga wa chuma ndani.

KAZI YENYEWE

Chagua mahali tambarare pasipo na vumbi. Tandika turubai au gunia safi. Fanya mguu mmoja mpaka uishe, ndipo uanze wa pili. Hivyo vipande havitachanganyika, na ukisahau mpangilio una mguu mwingine wa kutazamia.

Hatua ya 1. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati. Weka gogo imara chini ya injini ili gurudumu la mbele lininginie. Itikise. Kama inayumba, rekebisha kabla ya kuendelea. Watoto wakae mbali.

Hatua ya 2. Toa kebo ya breki na ya spidi, kisha ekseli, gurudumu na madigadi. Panga nati na bolti kwa mfuatano ulivyozitoa.

Hatua ya 3. Legeza bolti ya kibano cha juu kinachoshika mguu. Sasa legeza kidogo kofia iliyo juu ya mguu, lakini usiitoe. Ni rahisi kuilegeza mguu ukiwa bado umeshikwa.

Hatua ya 4. Legeza kibano cha chini, uuzungushe mguu huku ukiuvuta chini mpaka utoke.

Hatua ya 5. Chini kabisa ya mguu, ndani ya tundu, kuna bolti ya pembe sita. Ilegeze kwa ufunguo wa L wakati springi ingali ndani, huku mwenzako akibana mguu kwa kuusukuma. Springi ikitolewa kwanza, kipande cha ndani huzunguka pamoja na bolti, nayo haifunguki.

Hatua ya 6. Sasa toa kofia. TAHADHARI: springi inaisukuma kutoka chini. Ibonyeze kwa kiganja kilichofunikwa kitambaa, geuza uso pembeni, na umalizie taratibu. Angalia ncha ipi ya springi ilikuwa juu. Mwaga mafuta ya zamani ndani ya beseni, ukipampu mguu mpaka yaishe.

Hatua ya 7. Toa bolti ya chini, kifuniko cha vumbi, na klipu ya waya inayoshika sili. Chomoa bomba la ndani. Weka kitambaa kwenye ukingo wa mguu, kisha ng'oa sili kwa bisibisi pana. Usikwaruze ukuta ambamo sili inakaa; mkwaruzo hapo ni njia mpya ya mafuta.

Hatua ya 8. Osha vipande vyote kwa mafuta ya taa na uvikaushe. Usitumie petroli karibu na jiko la mkaa au mtu anayevuta sigara. Pitisha ukucha kwenye bomba la kromu. Ukucha ukikwama kwenye kutu ndogo, sugua hapo kwa msasa laini sana wenye maji. Kutu ikiwa na mashimo ya kina mahali sili inapopita, sili mpya haitadumu. Bomba lenyewe linahitaji kubadilishwa. Kisha vingirisha bomba juu ya kioo au meza iliyonyooka. Likiyumba, limepinda. Usiligonge kwa nyundo kulinyoosha.

Hatua ya 9. Rudisha kipande cha ndani katika bomba la kromu, ingiza bomba ndani ya mguu, tia washa mpya na ukaze bolti ya chini. Tumia springi kukibana kipande cha ndani wakati wa kukaza, kisha uitoe tena.

Hatua ya 10. Funika ncha ya juu ya bomba kwa mfuko laini wa plastiki ili isikate sili. Paka mdomo wa sili mafuta safi. Upande wenye springi ndogo ya duara uangalie chini, kwenye mafuta. Ishushe kwa mkono, kisha igongegonge kwa bomba la plastiki, ikienda sawa pande zote, mpaka uone mfereji wa klipu. Weka klipu na kifuniko kipya.

Hatua ya 11. Tia mafuta. Kipimo kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya mililita 100 na 200 kwa kila mguu. Pampu polepole mara kumi ili hewa itoke. Kisha, springi ikiwa nje na mguu ukiwa umeshushwa mpaka mwisho, pima kwa kijiti safi toka ukingo wa juu hadi mafuta. Miguu yote miwili lazima ilingane. Isipolingana, pikipiki itakuvuta upande.

Hatua ya 12. Rudisha springi na kofia. Pandisha mguu hadi kimo kile kile ulichokuwa nacho, na miguu yote iwe sawa. Fuata njia ya kufungua kinyumenyume. Kabla ya kukaza kwa mwisho bolti za vibano vya chini na ekseli, shusha pikipiki na uibonyeze mbele mara kadhaa ili miguu ijipange yenyewe. Ndipo ukaze zote.

Breki ikiwa ilipata mafuta, usafishe chombo chote. Bitana iliyolowa mafuta ibadilishwe. Kuichoma moto au kuisugua hakutoshi.

Endesha peke yako kwanza, mwendo mdogo, mahali pasipo na watu, ukijaribu breki mara nyingi. Kesho yake tazama tena kromu. Ikiwa kavu, chukua abiria.

SHOKAPU ZA NYUMA

Za nyuma kwa pikipiki nyingi hazifunguliwi. Zikivuja hubadilishwa mbili pamoja. Toa moja, funga mpya, ndipo utoe ya pili. Ile inayobaki hushikilia pikipiki isianguke. Hakikisha vidato vya kurekebisha springi viko sawa pande zote. Nyingine zina gesi iliyoshindiliwa: usizitoboe, usizichomee kwa welding, usizitupe motoni.

MAFUTA MACHAFU

Usiyamwage mtaroni. Mvua huyapeleka ziwani, na Ziwa Nakivale ndilo tunalonywa na kuvua samaki. Yakusanye katika jerikani yenye kifuniko, yasionekane kama mafuta ya kupikia, na yawekwe mbali na watoto.

USIFANYE PEKE YAKO IKIWA

- Pikipiki iligongwa, na mguu au fremu imepinda au ina ufa.
- Nyuzi za kofia au za bolti zimekatika.
- Usukani unakwama unapougeuza.

Kazi hizo zinahitaji fundi mwenye mashine. Na ukumbuke kwamba sili mpya haitibu desturi ya kubeba watu watatu pamoja na gunia. Mzigo ukizidi, springi hukaa chini muda wote, na mafuta hayana nafasi ya kufanya kazi.

JIPIME

1. Kwa nini springi peke yake haitoshi?
2. Kwa nini bolti ya chini hulegezwa kabla ya springi kutolewa?
3. Upande gani wa sili unaangalia chini?
4. Utafanya nini kama ukucha unakwama kwenye kromu?

Wasomeeni somo hili wenzenu wa stejini wasiojua kusoma. Vifaa vingi vilivyotajwa vinaweza kununuliwa na watu watano au sita kwa pamoja na kuazimana. Futeni kromu kila jioni kwa kitambaa safi. Ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.