Pembe za Mdomo Zinapochanika

Akina mama, mmemwona mtoto ambaye pembe za mdomo zimechanika, midomo imekauka, na ulimi umekuwa mwekundu na unamwuma akila? Huenda chakula chake kina upungufu wa vitamini B2, iitwayo pia riboflavini. Vitamini hiyo huusaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu. Mwili hauiweki akiba nyingi, hivyo yafaa ipatikane kila siku: mwanamke miligramu 1.1, mwanamume 1.3, na mama anyonyeshaye 1.6.

Hupatikana katika maini, maziwa, mayai, dagaa na mboga za majani. Moto wa jikoni hauiharibu sana. Adui yake ni mwanga. Maziwa yakiachwa juani katika chupa ya kioo hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hii kwa saa chache tu. Afadhali kibuyu cha bibi! Mboga nazo mzianike kivulini, na maji mliyozichemshia msiyamwage, kwani vitamini huyeyukia humo.

Michaniko hiyo huletwa pia na upungufu wa madini ya chuma, au fangasi. Isipopona, mpelekeni mtoto zahanati.